Njiti Jinoni

Kijiwe chetu kipo Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, mbele ya duka la maturubai la Elibariki, Mchaga wa Kibosho ambaye mtaa mzima unamwita Mangi. Benchi ni moja tu, la mbao, mguu mmoja ulishakufa umewekewa tofali, na anayekaa upande wa tofali akiinuka bila kuaga, wenzake wanakwenda chini na vikombe vyao. Kahawa anachemsha Uledi. Mimi benchini sikai. Nakaa kizingitini kwangu, hapo hapo ubavuni, na sinia langu la ubuyu, na masikio Mola kanipa mawili nayatumia yote. Wananiita Redio Mbao wakidhani wananitusi. Jumapili ile, jua la Februari linachoma visogo, watu wametoka kuswali alasiri na Mangi kesharudi kanisani kafungua duka, akaja mzee Sheikhan, Mwarabu wa duka la viungo mtaa wa pili. Akakaa upande wa tofali bila salamu. Mtu ambaye salamu yake huwa inaanzia kwako inaishia kwa mbuzi wako! Nikasogeza sinia karibu na benchi.

— Mzee Sheikhan, salamu leo umeiacha dukani? Uledi akamwanza.

— Nipe kahawa.

— Kahawa ipo. Nauliza salamu.

— Salaam alaykum nyote, walio hai na waliokufa. Mimina hiyo kahawa, Uledi, kabla sijamtukana mtu.

Turki Kontena akacheka. Huyu Turki anatoa mizigo ya watu bandarini, na kazi imempanda kichwani. Ukimwambia binti yako hajaolewa, atakuuliza nyaraka zimekwama wapi.

— Dingi kapanda mzuka leo, akasema. Nani kakuzingua, mzee wangu?

— Shule imenizingua, kama ndivyo mnavyosema. Kanipigia mwalimu wa nidhamu. Kesho asubuhi, paredi nzima imesimama, Anfal wangu apige magoti amwombe radhi dada mkuu. Asipopiga, wanamsimamisha masomo mpaka bodi ikae. Na bodi yenyewe inakaa ikikumbuka. Mtoto yuko kidato cha pili, mwaka huu ana mtihani wa taifa!

Hapo hata kijiko cha Uledi kilisimama. Anfal tunamjua wote. Mjukuu wa Sheikhan, kasichana kembamba, hijabu imenyooka kama imetoka pasini sasa hivi, maneno machache. Akipita, anatoa shikamoo moja ya benchi zima na ya kwangu pembeni, peke yake.

— Kafanya nini? akauliza Uledi.

— Kachokonoa meno.

Turki akaweka kikombe chini.

— Meno ya nani? Turki akauliza.

— Yake! Sasa achokonoe ya nani?

Ngoja nikueleze wewe ambaye hukupita shule hizi. Na mie nilikomea darasa la nne, ila watoto wa mtaa mzima wamenipitia mikononi, nayajua. Mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza anaitwa njuka. Shule yao, ya kutwa, upande wa Ilala, jina silitaji, ina desturi yake. Ijumaa moja, wageni wakishazoea kengele, kidato cha pili kinawatoa uwanjani. Kila njuka anapewa njiti moja ya kiberiti, anaambiwa apime uwanja wa paredi, toka mlingoti wa bendera mpaka ukutani, kwa magoti, njiti baada ya njiti, wakubwa wamemsimamia wanacheka. Wewe uliyepima mwaka jana, mwaka huu unagawiwa njuka wako umpimishe. Ndiyo zawadi yako. Na walimu siku hiyo, sijui ni bahati gani, wote wanakuwa kwenye kikao.

Basi Ijumaa iliyopita dada mkuu akamgawia Anfal njuka wake, katoto kanaitwa Celina, sketi inaburura kwa sababu imenunuliwa ya kufika nayo kidato cha nne. Akampa Anfal njiti ampe Celina. Anfal akaipokea. Akaitazama. Akaitia mdomoni, akachokonoa jino la huku, akachokonoa la huku, taratibu, kama bwana harusi aliyeshiba pilau. Akaitupa. Akachukua begi lake akaenda bombani kunywa maji. Hakusema neno, hakumtazama mtu. Celina akabaki kasimama, hana njiti, na asiye na njiti hapimi. Akaenda zake nyumbani. Hapo njuka mmoja akacheka. Mwingine naye akaitia yake mdomoni. Kufumba na kufumbua uwanja mzima unachokonoa meno, na kidato cha pili wamesimama na mikono mitupu.

Hayo Sheikhan aliyaeleza nusu, nusu nikaongezea mie, maana mie nilikuwa nayo tangu Ijumaa jioni. Mama yake Celina ananunua ubuyu kwangu. Nilikuwa naisubiri tu ifike kijiweni.

— Na nilipomuuliza kwa nini, Sheikhan akasema, kanijibu alivyomjibu mwalimu. "Nilikuwa na kitu jinoni, babu."

Ungedhani wanaume wazima watauliza mtoto analala vipi, anakula vipi. Wapi! Wakaanzia kwenye jino.

— Tuanze na mzigo wenyewe, akasema Turki. Alikula nini?

— Shule Ijumaa ni wali maharage, Uledi akajibu. Maharage hayakwami.

— Ganda linakwama.

— Ganda la haragwe ni laini, Turki, linaondoka kwa ulimi. Kitu cha njiti ni nyama.

— Nyama ya wapi shuleni? Basi kadanganya! Ushahidi huo. Jinoni hakukuwa na kitu, ile ni dharau tupu.

— Jino si hoja, akasema Profesa.

Profesa jina lake Benjamini. Tunamwita Profesa kwa kuwa kidato cha sita amekisoma mara mbili, na mara zote mbili kilimshinda. Akaivuta miwani puani.

— Hoja ni mila. Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa.

— Mila ya nani? nikamuuliza toka kizingitini. Babu yako alikuwa na kiberiti?

— Bi Mkubwa, haya ni mazungumzo ya benchi.

— Na hapa ni mlangoni kwangu. Benchi ndilo limenifuata.

Turki akageuka akanipa mgongo.

— Sikilizeni niwaambie. Mie nimepima. Shule ile ile, uwanja ule ule, mvua imetoka kunyesha, tope mpaka hapa. Goti likachubuka, nikalia, nikafuta machozi, nikawa mwanaume. Leo katoto kanakuja kanachokonoa meno! Ina maana sisi tulikuwa wajinga?

— Ndiyo, nikasema.

— Sijakuuliza wewe! Haba na haba hujaza kibaba. Leo unapima uwanja, kesho unapima maisha.

— Hiyo methali ya akiba, Turki, Uledi akamwambia.

— Si akiba ya nidhamu?

— Mimi naenda mbali zaidi, Profesa akasema, na Profesa akisema hivyo ujue anaenda mbali kweli. Kupima kwa njiti ndiyo hesabu ya kwanza ya vitendo katika nchi hii. Hamjiulizi wahandisi wanatoka wapi? Barabara, madaraja, maghorofa haya ya Kariakoo, yote yamepimwa na watu walioanza na njiti. Mkiacha njuka wasipime, baada ya miaka kumi mtapita kwenye daraja limeishia katikati ya mto.

— Ebwana eeh, Turki akaitikia.

— Daraja! Uledi akaguna. Sababu ya mtoto mmoja!

— Ukiona vyaelea, vimeundwa, akamalizia Profesa, akanywa kahawa kama aliyeshinda kesi.

Sheikhan alikuwa anawatazama mmoja mmoja kama anatafuta aliye mzima.

— Mie sitaki daraja, akasema. Nataka mtoto asome. Wenzake darasani wamemkaushia. Wamemtoa kwenye kundi lao la simu. Dawati lake Ijumaa hiyo hiyo wamelisukuma nyuma kabisa, kesho akakae peke yake. Jina wameshambadilisha, wanamwita Njiti. Rafiki yake wa toka chekechea, Samah, jana kapita barabara ya pili asije akaonekana naye. Na kosa la huyo mtoto ni nini? Kwamba wao walipima mwaka jana, mwaka huu ilikuwa zamu yao kucheka, na yeye kawaharibia kicheko.

— Lakini wana haki, mzee, Turki akasema. Mzigo wao umezuiwa. Wameulipia kwa magoti yao, wamefika getini kuutoa, wanakuta mtu kafunga geti.

— Mzigo gani? Celina ndiye aliyewapigisha magoti?

Turki akakuna kichwa.

— Siyo Celina kama Celina. Njuka kwa ujumla.

Uledi akachuchumaa mbele ya Sheikhan na birika mkononi. Akashusha sauti, na Uledi akishusha sauti mie ndipo ninaposikia vizuri.

— Mzee, usikasirike. Mmemtazamisha huyo mtoto?

— Kwa nani?

— Kwa mtaalamu. Maana kiberiti ni moto. Na majini yameumbwa kwa moto. Sasa mtu akipewa njiti, akaitia mdomoni, asiseme neno, akaenda moja kwa moja kwenye maji... Mzee, huyo siyo Anfal. Huyo ni mwenye kiti chake. Jini la moto halikubali ndugu yake aburuzwe kwenye mchanga.

Sheikhan akainuka ghafla.

— Mjukuu wangu hana jini!

Na aliinuka upande wa tofali. Benchi likapiga chafya, Turki akaenda chini, Profesa akaning'inia kwenye nguzo ya Mangi, kahawa ikamwagika kwenye suruali ya watu. Mie nilicheka mpaka khanga ikanitoka kichwani. Mangi akatoka dukani mbio, kamba ya kupimia shingoni.

— Mnanibomolea duka? Nini?

Wakamweleza, kila mmoja kwa mdomo wake, huku wanapanga benchi. Mangi akasikiliza, akatikisa kichwa.

— Mimi nawaambia ukweli kama mfanyabiashara. Njiti za zamani zilikuwa ndefu. Siku hizi, uchukue kiberiti chochote, njiti ni fupi na kichwa kinaruka. Uwanja ni ule ule, njiti imepungua. Watoto wa sasa wanapima zaidi kuliko sisi. Huyo binti labda aliona hilo. Ni mgomo wa vipimo.

— Mangi, sasa hata wewe! Sheikhan akalalamika.

— Mimi nilisoma bweni huko kwetu Moshi, walitupimisha bweni zima. Na wakatuambia tuizime taa ya umeme kwa kupuliza. Nilipuliza mpaka nikaona nyota.

— Ilizimika? Uledi akauliza.

— Ilizimika umeme ulipokatika. Nikapigiwa makofi.

Wakacheka wote, isipokuwa Sheikhan. Hapo mama mmoja mgeni akasimama mbele ya duka, kitenge kiunoni, mkoba wa ukindu begani. Akajitambulisha kwa Mangi: Evarista, mnunuzi wa mpunga, katoka Ifakara, anataka turubai la kuanikia. Mangi akamuuliza uwanja wake una ukubwa gani, naye akataja urefu na upana bila kufikiri, kama mtu anayetaja umri wa mwanawe. Mangi akaingia ndani kukata. Mama akakaa mwisho wa benchi, Uledi akampa kikombe.

Wenyewe hawakukatisha hata pumzi. Turki alikuwa kesharudi vitani.

— Mie nishaijua, akasema. Hii siyo jini, siyo jino. Hii imeingizwa nchini. Imekuja kwenye simu, haikukaguliwa, haikulipiwa ushuru, imefika mpaka Ilala. Mambo ya haki, haki. Mtoto anakataa leo kupima, kesho anakataa kufagia, kesho kutwa kamkataa mume.

— Mume wa nini, ana miaka kumi na minne! nikamfokea.

— Nasema mbele ya safari. Na mbele zaidi mnajua nini? Ubunge. Huyo anajijenga. Kaona njuka ni wengi, kila njuka ana mama, kila mama ana kura. Njiti moja, jimbo zima. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo!

— Hapo sasa, Profesa akaunga mkono. Nimeona mimi. Hakusema neno. Mwanasiasa wa kweli huanza kwa kunyamaza.

— Basi apige goti, Turki akahitimisha. Goti moja. Linamsaidia hata huko mbele. Samaki mkunje angali mbichi.

— Nami nimeshasema atapiga, Sheikhan akasema.

Nikamgeukia. Sauti yake ilikuwa imeshuka, haikuwa ya mtu aliyeamua. Ilikuwa ya mtu aliyechoka.

— Nimemwahidi mwalimu kwenye simu. Kesho namleta mwenyewe, akisita nitamshika bega nimshushe mwenyewe. Dakika moja ya aibu, mtihani unabaki. Jana nikamwambia hivyo. "Anfal, kesho kutwa unapiga goti." Kanitazama. Mnajua kaniambiaje? "Babu, chai ipo mezani, inapoa." Basi. Siyo ndiyo, siyo hapana. Sasa akikataa mbele ya watu wote? Nimpige? Sijawahi kumpiga. Asimamishwe, akae nyumbani anipimie bizari dukani, wenzake wanafanya mtihani? Mama yake yuko Muscat, atanipigia simu, nimwambie nini?

Hapo, wanangu, mie nikashindwa kuvumilia. Nikaweka kijiko cha ubuyu chini.

— Sheikhan, nikamwambia, mwaka jana mwezi kama huu, huyu mtoto alipita hapa katoka shule. Unakumbuka?

— Anapita kila siku.

— Siku ile alikuwa anatembea kama mbuni. Magoti yote mawili yamechubuka, kokoto moja imeingia ndani, soksi imegandia damu. Nilimkalisha hapa, hapa nilipokaa, nikamkosha kwa maji ya chumvi. Akang'ata kona ya hijabu, hakulia. Na ninyi mlikuwa wapi? Hapo benchini. Turki akasema, "Karibu ukubwani, njuka!" Profesa akasema ndiyo elimu hiyo. Uledi akacheka. Na wewe, babu yake, ukasema nini?

Sheikhan akatazama tofali.

— Nikukumbushe?

— Nilisema mwakani na wewe utampimisha mtu.

— Ukasema. Akakutazama vile vile anavyotazama. Basi mwakani imefika! Kapewa mtu wake ampimishe, kakumbuka chumvi, kakataa. Hakupiga kelele, hakwenda polisi, hakumshtaki hata mmoja kwa jina. Kachokonoa meno tu! Na mwalimu anakwambia nini? Si kakwambia hakuna desturi ya kupima pale, ni mchezo wa watoto?

— Kanambia hivyo.

— Kama ni mchezo, mbona aliyekataa kucheza ndiye anayeadhibiwa? Na kama siyo mchezo, mbona waliocheza wako darasani? Hebu nijibuni, wasomi! Wewe Profesa wa mara mbili! Mtoto wa watu anawekwa dawati la nyuma, ninyi mnajadili haragwe!

— Redio Mbao leo imewekwa betri mpya, Turki akasema, lakini hakunitazama.

— Betri nitakuwekea wewe!

— Bi Mkubwa, Profesa akaanza, akiivuta tena ile miwani, hasira ni hasara. Tusitazame mti mmoja. Tutazame taasisi. Vizazi vimepima uwanja ule. Waziri labda kapima. Daktari aliyekutibu presha kapima. Jambo lililofanywa na watu wote hao haliwezi kuwa la bure. Lina matokeo yake. Lina, tuseme, matunda.

— Yapi?

— Ni mengi.

— Taja moja.

— Nidhamu. Uvumilivu. Na... vipimo.

Yule mama wa Ifakara alikuwa amemaliza kahawa. Akakiweka kikombe chini, akapangusa mdomo kwa pembe ya kitenge.

— Samahani wazee wangu, akasema. Huo uwanja una njiti ngapi?

— Uwanja upi, mama? Turki akauliza.

— Huo wa shule. Si mnasema unapimwa kila mwaka? Mangi kaniuliza wangu, nimemtajia. Na huo wenu una njiti ngapi?

Turki akamtazama Profesa. Profesa akavua miwani akaanza kuifuta, na haikuwa na vumbi.

— Kitakwimu, Profesa akasema, inategemea.

— Inategemea nini?

— Inategemea njiti.

— Basi njiti za wakati wenu.

Redio nikaizima kabisa, nisije nikapoteza hata neno.

— Wewe Turki si ulipima? Sheikhan akamuuliza.

— Nilipima, mzee. Nakuapia.

— Ngapi?

— Unajua... nilikuwa nimeshakaribia ukuta. Nauona kabisa. Wakafuta alama kwa kiatu. Wakasema nimekosea, nirudi mlingotini.

— Ukarudi?

— Nikarudi. Nikakaribia tena. Wakafuta tena.

— Profesa?

— Kengele ililia nikiwa katikati. Lakini nilikuwa naenda vizuri.

— Uledi?

Uledi alikuwa anachochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

— Mie sijui, mzee. Walichoka wao. Waliniacha pale nimepiga magoti, wakaenda zao. Nami sikuthubutu kuinuka, maana hakuna aliyeniambia niinuke. Alinikuta mlinzi.

Hiyo Uledi hakuwahi kuisema, na mie namjua tangu anakuja mjini na ndala moja nyeusi moja ya bluu. Mangi naye alikuwa kasimama mlangoni na turubai begani, kamba yake ya kupimia inaning'inia. Hakuna aliyemuuliza, akasema mwenyewe:

— Sisi bwenini nilidhani nimehesabu sawa. Nikaenda kuwaambia jibu. Wakanicheka. Kumbe hawakuwa wanataka jibu.

Mama Evarista akatazama huku na huku.

— Kwani hakuna hata mmoja aliyefika mwisho?

Sheikhan akamgeukia Turki, na safari hii akamwita kwa jina lake tu, bila Kontena.

— Turki. Mwaka uliofuata, uligawiwa njuka wako.

— Ndiyo.

— Yeye alipata ngapi?

Turki akatazama ndani ya kikombe, na kikombe kilikuwa kitupu.

— Alikuwa anajua hesabu yule. Alikuwa anahesabu kwa sauti, hakosei. Jina lake Pius. Alibakiza kidogo tu afike ukutani.

— Halafu?

— Nilimfutia.

— Kwa nini?

— Si na mie nilifutiwa, mzee?

Alivyosema! Hata yeye mwenyewe aliisikia. Nikaona shingo inamwingia mabegani kama kobe. Sheikhan akatoa simu yake mfukoni, ile kubwa ya vitufe, akaibonyeza kwa kidole kimoja, akaiweka sikioni. Simu ya Sheikhan huna haja ya kuinama kuisikiliza, inasikika mpaka mitaa ya Gerezani.

— Mpe Anfal, akasema. Anfal? Nisikilize. Mwalimu nilimwahidi, na ahadi ile naivunja. Kesho hupigi goti. Tunaenda wote, unavaa nguo zako za shule kama kawaida. Wewe utasimama kwenye mstari wako, mie nitaingia ofisini, nitawauliza uwanja wao una njiti ngapi, na nitakaa hapo mpaka wanijibu. Wakisema urudi nyumbani, tunarudi wote. Kesho kutwa tunaenda tena, nauliza tena. Umesikia?

Nikadhani simu imekatika. Kisha kile kisauti, chembamba.

— Nimesikia, babu.

— Mbona unalia?

— Silii. Sijalala tangu Ijumaa.

Sheikhan akageuza uso ukutani.

— Basi lala sasa hivi, akasema. Jua hilo hilo, funga pazia ulale. Nitakuamsha mwenyewe.

Akakata simu, akaondoka, na safari hii alituaga mmoja mmoja, mpaka mama Evarista. Turki akanyoosha kikombe chake kwa Uledi. Uledi akamwambia kahawa imekwisha. Na birika mie nililiona, lilikuwa linafoka.